Mzungu Aliyevaa Kofia Yako

Chemchem,
Tabora,
Tanganyika.
18 Oktoba, 1953.

Mpendwa mdogo wangu Hilari,

Kama barua hii iko mkononi mwako, basi umelijibu sawasawa swali la Abasi, niliyemtuma akuletee. Nimemkataza asimkabidhi mtu yeyote barua hii, hata mtu huyo akiapa kwamba yeye ndiye Hilari, mpaka kwanza amwambie marehemu baba alikuwa akichechemea mguu upi. Usinikasirikie. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini siku hizi siamini uso wa mtu.

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Naipokea kwa mkupuo mmoja shikamoo yako ya miaka yote saba. U hali gani? Kile kifua chako kimepona, au vumbi la mkonge limekizidisha? Unalala mahali pakavu? Unakula nini huko, na nani anakupikia? Mambo haya ningependa kuyajua kwako wewe, maana nimechoka kuyasikia kwa wapita njia.

Sisi huku hatujambo, kila mtu kwa kiasi chake. Mimi ni mzima. Shemeji yako Kasimiri bado yuko Urambo, akihangaika na matrekta yaliyobaki kwenye yale mashamba ya karanga, na akija nyumbani ananuka dizeli mpaka kwenye mto wa kulalia. Mvua bado hazijaja. Joto ni lile la mwezi wa kumi unalolijua, kuku wanatembea midomo wazi.

Mama anakula na anaongea, namshukuru Mungu. Miguu inamsumbua asubuhi. Macho yamezidi kuingia ukungu, siku hizi mtu anamtambua kwa sauti na kwa kumshika mkono. Bado anaimba nyimbo zake za misheni ya Usoke, ingawa baba alitubatiza sote kwa Mapadre, na bado anaziimba kwa sauti ya kumchokoza marehemu.

Na wewe je? Mtu aliyetoka Muheza mwaka jana alituambia umenenepa. Aliyekuja baada yake akasema umekonda hata suruali unaifunga kwa kamba. Mmoja alisema umeoa Mbondei, mwingine alisema umekuwa mnyapara Korogwe na huna muda hata wa kuoa. Nilikuwa nawapa maji ya kunywa na kuwatazama wanavyoyanywa, nikijiuliza kama kweli wote hawa wamemwona Hilari mmoja. Mama alikuwa akiwaamini wote. Mimi sikumwamini hata mmoja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana huenda ukazisikia habari zako mwenyewe kabla ya kuzisoma hapa, na sitaki zikuangushe chini.

Unamkumbuka Nilsi? Tulipokuwa wadogo na kugoma kula, Mama alituambia kwamba Nilsi alikuwa anamaliza bakuli. Nilimchukia Nilsi kabla sijajua Mzungu anafananaje. Mwenzangu huenda umeisahau habari yake nzima. Zamani za Mjerumani, kabla ya vita ile ya kwanza, misheni ya Usoke ilikuwa na fundi kutoka Uswidi ambaye watu walimwita Bwana Seremala. Mkewe alikufa kwa homa akaacha mtoto mchanga wa kiume. Mama naye alikuwa amemzika mzaliwa wake wa kwanza siku zile zile, na maziwa yalikuwa yakimtoka bila mnyonyaji. Akaletewa Nilsi. Alimlea mpaka akatembea, mpaka akavuta chungu cha uji na kujiunguza mkono wa kushoto, mpaka baba yake alipompandisha treni kwenda pwani na kurudi kwao. Vita ikaja, habari zikakatika.

Basi mwisho wa mwezi wa tisa gari la misheni likasimama mbele ya nyumba yetu. Akashuka Mwalimu Modest, yule anayefundisha wadogo Kiingereza, na nyuma yake Mzungu mrefu mwenye shati la mikono mirefu, na mkewe mwenye kamera kifuani. Modest akamwambia Mama kwamba amemletea mtoto wa Bwana Seremala wa Usoke. Mama hakungoja amalize. Alinyoosha mikono hewani kumtafuta mgeni, akaita, "Nilsi." Yule Mzungu akapiga magoti vumbini, suruali yake nyeupe na yote, akaitika, "Naam, mama." Kisha akalia.

Watu waliokuwa wakipita walisimama, na wanawake wawili wakafuta machozi kwa khanga. Mimi sikulia. Machozi yalimtoka mtu huyo upesi mno, kama anayefungua bomba. Nikamvuta Modest pembeni nikamwuliza mgeni huyu anafanya kazi gani kwao. Modest akasema jina lake la kazi ni Torsten, ni mwigizaji mashuhuri, anaigiza kwenye jukwaa na kwenye sinema. Leo ni mfalme, kesho ni mlevi, keshokutwa ni mchungaji anayefiwa na mke, na watu hulipa kumtazama akilia.

Hilari, hebu niambie. Mtu ambaye kulia ndiyo kazi yake, akilia uani kwako utajuaje?

Walifikia nyumba ya wageni ya misheni, lakini kila siku ya Mungu walikuwa kwetu. Mama alimpa asali na michembe, vile viazi vikavu, iliyopikwa kwa karanga, akamkalisha kwenye kigoda chako, kile ambacho hata mimi akinikuta nimekikalia huguna. Mzungu alizungumza Kiswahili cha kuchechemea alichofundishwa na baba yake, lakini kila siku kilinyooka. Hilo nalo sikulipenda. Alikuwa akimtazama Mama anavyomenya karanga, na muda si muda vidole vyake vinamenya vile vile, kile kidole cha mwisho kikiwa juu. Siku moja nikamsikia jirani yetu Mwanajuma akiita kuku wake, nikatoka kumjibu, kumbe ni huyo mgeni, amekaa na watoto wa mtaa wanavunjika mbavu.

Mwanajuma mwenyewe alicheka. Mimi nilikwenda kuangalia mlango wa nyuma kama umefungwa.

Mkewe, Bibi Inge, alipiga picha kila kitu. Alimpiga Mama, akapiga kinu, akapiga mlango wetu kwa mbele na kwa ubavu. Huko sokoni maneno yakaanza. Wengine walisema wanapima kiwanja, na kule Cheyo walisema Mama atapelekwa Ulaya kuonyeshwa kwenye sinema. Niliyakanusha yote mbele za watu, halafu nikija nyumbani nayaamini yote kwa pamoja.

Jambo lililonikaa rohoni zaidi ni umri. Piga hesabu wewe mwenyewe. Nilsi alipelekwa kwao kabla ya vita ile, mimi sijazaliwa. Huyu mtu shingo yake ilikuwa ya kijana, na nywele hazikuwa na mvi hata moja. Halafu lile shati. Katika joto lile hakukunja mikono hata siku moja.

Nikampikia kuku. Alidhani ni mapenzi. Wakati wa kunawa nilichukua birika na beseni mimi mwenyewe, nikamwinamia, nikaanza kummiminia maji kwa wingi kuliko inavyohitajika. Ikambidi apandishe mikono ya shati ili isilowe. Nikautazama mkono wa kushoto kuanzia kiganja mpaka kiwiko, ulikuwa laini kama wa bibi arusi. Uji wa moto ulimbabua Nilsi pale pale, Mama ametuambia mara ngapi? Nilimpa taulo, nikamkaribisha chakula, nikala nikimtazama.

Kesho yake nilikwenda misheni. Nilimkuta Mzungu kibarazani na Modest, nikamwambia Modest atafsiri neno kwa neno bila kupaka sukari. Nilimwuliza huyu ni nani, na ametumwa na nani kumchezea mama yangu aliye nusu kipofu. Modest alitaka kunituliza. Nikamwambia nitakaa pale pale mpaka jioni.

Mzungu hakubisha. Alikaa kwenye ngazi, akajishika mkono wa kushoto, akatusimulia. Nilsi alikufa hajatimiza miaka tisa, kwa ile homa iliyozunguka dunia baada ya vita. Bwana Seremala alioa tena, akazaliwa huyu Torsten. Alilelewa katika nguo za marehemu, akalala kitanda cha marehemu, na ukutani juu ya meza kulikuwa na picha ya Mama yetu, msichana mbichi, amempakata Nilsi. Baba yake akishikwa na huzuni alimwita kwa jina la kaka yake, na mtoto akajifunza kuitika. Baadaye akawa anamwomba atembee kama Nilsi, ameuweka mkono ule kifuani kama alivyofanya mwenye kovu. Mama yake mzazi alikuwa akitoka nje asione. Anasema hilo ndilo lilikuwa jukwaa lake la kwanza, jikoni kwao, na mtazamaji ni mtu mmoja.

Akakataa useremala, akafuatana na kundi la waigizaji waliokuwa wakizunguka miji, mpaka akafika kwenye jumba kubwa la michezo ya kuigiza la mji wao mkuu. Huko jukwaani wamempa ufalme na uaskofu, lakini kwenye sinema sura yake wanaipenda kwa kuigiza wezi na watia sumu, hata wanawake wa kwao wakimwona dukani huvuta vikapu vyao karibu. Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia. Ana mabinti wawili, amewaacha kwa bibi yao. Mkubwa haongei naye. Siku moja alimkosea akaenda kumwomba radhi, na binti akamwambia, sema kwa sauti yako mwenyewe, si ya mchezo. Anasema aliitafuta sauti hiyo akiwa amesimama pale mlangoni, asiione.

Nilimwuliza basi Usoke na Tabora alifuata nini. Akasema baba yake amekufa mwaka huu, na neno lake la mwisho lilikuwa kwamba aende akampe Mama tanzia ya Nilsi, maana yeye mwenyewe miaka yote hakuthubutu. Alikuja kuleta habari ya kifo. Lakini Mama alimwita Nilsi, naye akaitika. Alisema, "Nimeitwa hivyo tangu utotoni. Mdomo ulifunguka wenyewe."

Huruma ilinipata, sikufichi, na papo hapo nikaitilia shaka hata hiyo huruma yangu. Nikamwambia, ama aseme yeye, ama niseme mimi.

Alikuja mchana ule ule. Mama alikuwa kivulini upande wa jiko, ungo wa karanga miguuni. Mzungu akachuchumaa mbele yake akamwambia kwa Kiswahili chake kwamba yeye si Nilsi, Nilsi amekufa zamani, yeye ni mdogo wake wa mama mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama tayari kumdaka akianguka.

Mama aliendelea kumenya. Akasema, "Najua. Siku ile ulipopiga magoti nilikushika mkono. Nikajua Nilsi hayupo, amekuja mdogo wake."

Kisha akamweleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto njia ya kisimani, kwamba kwetu marehemu haachiwi nafasi yake tupu. Mdogo wake hukalishwa pale pale, akapewa na jina, na watu wakamwita hivyo mpaka mwisho, wala hakuna anayemwita mwongo. Kama baba yake alimwita Nilsi nyumbani kwake, basi alishamrithisha, hata kama Mzungu huyo hakujua anachofanya. Baada ya hapo ndipo alipouliza Nilsi amezikwa wapi, na nani alikuwa amekaa karibu naye akikata roho, na kama alikuwa akimtaja mtu. Hapo Mama alilia. Nasi tukalia. Torsten hakulia, alikaa tu akitetemeka kidevu, na hilo nililiona.

Mimi nilimkasirikia Mama siku nzima. Nilimwuliza kwa nini aliniacha nijisumbue na birika na beseni na kuku wa watu hali yeye anajua. Alinijibu kwamba nilikuwa nachunguza vizuri sana, hakutaka kunikatisha kazi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Siku mbili tatu baadaye Mama alimwita Torsten akamwambia hivi: wewe unajua kuwa mtu mwingine, basi nifanyie mwanangu Hilari, nimsikie akiingia. Mzungu alishtuka, akanitazama mimi. Mimi nilikataa. Mama akasema kama sitaki niende sokoni.

Sikwenda. Unanijua, siwezi kuacha watu wakuharibu nikiwa sipo. Mama alimweleza jinsi unavyoingia, kwamba unakohoa kwanza, halafu ndara ya kushoto unaiburuta, halafu hodi unaivuta mwishoni kama anayemsikitikia mwenye nyumba. Nikamsikia Mama anakosea kikohozi, nikamrekebisha. Mzungu akajaribu, nikamwambia si hivyo, ni kikavu zaidi. Nikamwonyesha unavyoliweka bega, unavyovua kofia kabla ya kuuliza kama kuna uji. Kabla sijajua nilikuwa nimeingia ndani na kuitungua kofia yako pama kwenye msumari, pale ulipoiacha siku uliyoondoka, nikampa. Nikacheka sana siku ile, Hilari. Tulikuwa hatujakutaja kwa furaha namna ile kwa muda mrefu.

Akatoka akazunguka nyumba. Tukangoja. Kikaja kikohozi. Ikaja ndara. Kisha hodi.

Nilisimama. Nakuapia, nilisimama na kusema karibu, na mguu ulikwisha tangulia kuja kukupokea mzigo. Mama alikuwa ameinua uso na mikono yote miwili. Mtu akaingia na kofia yako, akaivua, akasema, "Mama, kuna uji?" Na mimi nilijua ni nani, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, na bado nilikuwa nakutazama wewe.

Wakati huo huo Mwanajuma alikuwa akileta ungo wetu aliouazima. Akafika penye ua, akaona kofia yako kichwani mwa mtu asiye wewe, mtu huyo anatembea mwendo wako na kusema maneno yako, na sisi wawili machozi yanatutoka. Yeye ni Mzaramo, mke wa Lukumani, mtani wetu. Anajua kama unavyojua wewe ni lini mtu huvaa vitu vya mwenzake na kuigiza sauti yake mbele ya mama yake. Hujasahau Lukumani alivyovaa koti la baba la reli kwenye matanga na kuchechemea uani mpaka wafiwa wakacheka. Anayeigizwa ni aliyekufa. Mwanajuma akauachia ungo ukaanguka na kuvunjika ukingo, akashika kichwa, akapiga yowe, "Hilari wangu, umefia mkonge!"

Nilimkimbilia kumwambia hukufa. Akanikumbatia na kulia zaidi. Nilivyozidi kusema hajafa, hajafa, ndivyo watu walivyozidi kunionea huruma, maana mfiwa gani siku ya kwanza asiyesema hivyo? Kabla jua halijateremka ua ulijaa. Wengine walikuja na unga, wengine na kuni, na mikeka ikaanza kutandikwa. Na wale wapita njia wako wa Muheza, yule wa unene na yule wa kukonda, walikuwapo wote wawili, wakisema waliona dalili.

Ndipo akaja Lukumani. Nilidhani anakuja kumtuliza mke wake. Alikuja amefura, futi yake ya ushonaji ingali shingoni, akapita katikati ya watu mpaka mbele ya Torsten. "Mimi ndiye mtani wa nyumba hii," akasema. "Baba yao nimevaa koti lake mimi, na Hilari ni wangu. Huyu katoka wapi kunichukulia mtu wangu?" Modest alikuwa amefika akamtafsiria Mzungu. Maskini alikuwa ameishika kofia yako kwa mikono miwili kama sahani iliyojaa, hajui ampe nani.

Mama akaidai. Aliiweka mapajani akawaambia watu kwa sauti ya juu kwamba Hilari hajafa, ni mchezo, na aliyeuomba ni yeye. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeondoka upesi, kwa sababu sufuria zilikuwa zimekwisha injikwa. Wakala. Wakati wa kuaga wengine walinishika mkono kwa namna ile ya msibani, na mmoja akaninong'oneza nimtunze Mama, akili ikianza kutikisika hushikwa mapema.

Tulipobaki wenyewe, nilikusanya masufuria huku nikinung'unika juu ya Mwanajuma na mdomo wake. Mama alikuwa bado na kofia mapajani, anaipapasa ukingo wote kuzunguka. Akasema, "Apolinaria, wewe unajuaje?"

Nikamwuliza najuaje nini.

"Kwamba hajafa."

Nilifungua mdomo. Nikataka kumtaja mtu wa Muheza, nikakumbuka mwenyewe nilivyomtazama akinywa maji. Nikataka kusema moyo wangu unaniambia, na moyo huo ndio uliosimama mchana ule kumpokea Mzungu. Niliosha sufuria moja mpaka ikawa nyeupe, na Mama alingoja, kisha akaacha kungoja akaenda kulala.

Torsten na mkewe waliondoka kwa treni siku iliyofuata. Walipita kuaga. Alianza kwa maneno mazuri, sauti imejaa, na Mama akamwambia si hiyo. Akajikuna shingo. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo mbaya, ya kukwaruza, isiyo na chozi hata moja, "Mama, nakwenda." Ndiyo mara ya kwanza nilipomwamini. Mama akambariki kwa jina la Nilsi na kumwambia akifika amsemeshe binti yake hivyo hivyo. Bibi Inge ameahidi kutuma picha. Tutaona.

Tangu siku ile Mama hakutaji. Zamani ilikuwa Hilari asubuhi na Hilari jioni mpaka nikachoka, sasa hata kigoda chako amenipa nikikalie. Anakula kidogo. Mtu akikohoa njiani anaacha kutafuna, halafu anaendelea. Hicho ndicho kinachonitisha.

Abasi atarudi na kutuambia amekuona, najua. Lakini Mama amekwisha sema kwamba Abasi ni mtu mwema, na mtu mwema ndiye anayetumwa kuficha msiba. Ukiandika, atasema umeandikiwa. Ukituma kitu, atasema wenzako wamechangishana. Hakuna unachoweza kutuma, mdogo wangu. Njoo na mkono wako aushike.

Kama umeoa, njoo na mkeo. Kama huna kitu, njoo huna kitu, hapa hakuna atakayekupekua. Kama kuna jambo jingine linalokuzuia, ambalo sisi hatulijui, njoo uniambie mimi peke yangu, nitanuna siku moja kisha nitakupikia.

Wanakusalimu wote. Kasimiri anakusalimu na anauliza mkonge una trekta za namna gani. Mwalimu Modest anakusalimu. Mwanajuma anakusalimu akiwa na haya, anasema ukija atakununulia ungo, ingawa aliouvunja ni wetu. Ukikutana na mtu yeyote wa Tabora huko akikupa pole za wewe mwenyewe, mpokelee tu, umweleze polepole.

Mungu akufunike huko uliko, akulinde kifua na miguu, na aifanye njia ya reli kuwa fupi.

Lukumani peke yake hakusalimu. Amekasirika bado. Anasema Mzungu alilikosea bega, na kwamba siku ya matanga yako ikifika hatakubali kushindwa mbele ya mji mzima. Kila asubuhi akienda kwenye cherehani yake anapita mbele ya nyumba yetu akiburuta ndara ya kushoto, akifika mlangoni anakohoa. Kofia nimeificha, lakini kila siku anakukaribia, na bega, Hilari, amelipata.

Ni mimi dada yako nikupendaye, na nisiyekuamini mpaka nikuone,

Apolinaria